Mlo mbaya, umetaboli na moyo

Mlo mbaya, kwa maana ya kitabibu, ni ule unaozidisha sukari, wanga uliokobolewa, chumvi na mafuta yenye asidi shibe, huku ukipungukiwa kunde, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa. Mlo huo huudhuru moyo kwa njia kadhaa, na kuziba njia moja si kuziba zote. Jambo hili husahaulika kila lawama inapotupiwa chakula kimoja: mwaka huu mayai, mwakani sukari.

Njia ya kwanza hupitia kwenye ini. Ini ndilo linaloondoa kwenye damu sehemu kubwa ya kolesteroli aina ya LDL, kwa kuinasa kwa vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Asidi shibe, iliyojaa katika samli, nyama nono, nazi na mawese, hupunguza kazi ya vipokezi hivyo. LDL inayobaki ikizunguka hupenya ukuta wa mishipa, seli za kinga huimeza, na baada ya miaka mingi hujengeka utando mnene. Utando ukipasuka, damu huganda juu yake. Bonge hilo likiziba mshipa unaolisha moyo, mtu hupata mshtuko wa moyo. Likiziba wa ubongo, hupata kiharusi. Mafuta ya mgando yaliyoongezwa haidrojeni nusunusu ni mabaya zaidi, kwa sababu hupandisha LDL na kushusha HDL, ile iitwayo kolesteroli njema, kwa pamoja. Denmark iliyawekea kikomo kisheria mwaka 2003, kabla ya nchi nyingine yoyote.

Njia ya pili ni ya sukari na insulini. Soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, na anayeinywa hali chakula kidogo zaidi kwa sababu ameinywa. Nishati inayozidi mahitaji hugeuzwa mafuta. Mengine hukaa ndani ya ini na kuzunguka matumbo, mengine huingia kwenye damu kama trigliseridi. Misuli na ini huanza kuipuuza insulini, homoni inayopunguza sukari kwenye damu, nalo kongosho huzidi kuitoa hadi lishindwe, na hapo kisukari cha aina ya pili hujitokeza. Mwaka 1988 daktari Mmarekani Gerald Reaven alieleza jinsi presha, sukari ya juu, trigliseridi nyingi na HDL haba zinavyoandamana ndani ya mtu mmoja, akaliweka tatizo la insulini kuwa shina lake. Ukiongeza kitambi, ndiyo hali iitwayo leo sindromu ya metaboli. Haiumi, ndiyo maana wengi huigundua wakiwa wamekwenda hospitali kwa jambo jingine.

Chumvi ina njia yake, fupi zaidi: huvuta maji na kupandisha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na soseji.

Utengano wa njia hizi ulionekana wazi nchini Mauritius. Mwaka 1987 serikali ya kisiwa hicho ilibadilisha muundo wa mafuta ya kupikia ya mgawo, yaliyotumiwa na kaya nyingi: badala ya kuwa ya mawese kwa sehemu kubwa, yakawa ya soya. Hakuna mpishi aliyelazimika kubadili mapishi yake. Kufikia 1992 wastani wa kolesteroli ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita, na watafiti walikadiria kuwa takriban nusu ya anguko hilo ilitokana na mafuta hayo. Uvutaji sigara na presha pia vilipungua, kwa kuwa serikali iliendesha pia kampeni ya afya iliyogusa mengi.

Lakini katika miaka hiyohiyo unene uliongezeka, na matatizo ya sukari katika damu hayakupungua kwa kiasi cha maana. Soya ilisaidia ini kusafisha LDL. Haikugusa wingi wa chakula, soda wala maisha ya kukaa. Hadi leo takriban mtu mzima mmoja kati ya watano nchini humo ana kisukari, katika nchi iliyojengwa kwa mashamba ya miwa. Mwaka 2013 serikali ilianza kutoza ushuru kwenye vinywaji baridi vyenye sukari, na ushuru huo haukuhesabiwa kwa chupa bali kwa kila gramu ya sukari iliyomo.