Baridi na Dirisha: Historia ya Shabaha za Gesi katika Fizikia ya Kiini

Mwaka 1919, Ernest Rutherford alipochapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Manchester, ulimwengu ulivutiwa na habari kwamba kiini cha naitrojeni kilikuwa kimevunjwa kwa chembe za alfa, na ni wachache waliokitazama chombo chenyewe. Hata hivyo, kisanduku kile kilichojazwa gesi, chenye dirisha, yaani tundu lililozibwa kwa bamba jembamba la fedha ili chembe zilizozaliwa zipenye na kuonekana nje, ndicho babu wa shabaha za gesi zilizofuata. Shabaha, katika fani hii, ni maada inayowekwa mbele ya mwale wa chembe ili viini vyake vipigwe.

Gesi ilipendwa kwa usafi wake. Hidrojeni ikitafutwa katika yabisi hupatikana kwenye plastiki, nayo huwa imefungamana na kaboni, ambayo hupigwa pia na kuvuruga matokeo. Lakini gesi ni maada hafifu, na chembe nyingi huivuka bila kugusa kiini chochote: Patrick Blackett, aliyeyachunguza mageuzi hayo ya naitrojeni kwa chemba ya mawingu, alipiga picha zipatazo 23,000 zenye njia za chembe zipatazo 400,000, na kufikia mwaka 1925 alikuwa amepata matukio 8 tu. Kuongeza shinikizo la gesi kulionekana kuwa dawa, ila shinikizo kubwa hudai dirisha nene, na dirisha nene huunyang'anya mwale nishati yake kabla haujaifikia gesi. Fundi wa dirisha anastahili heshima kubwa kuliko aliyopewa na vitabu, kwa kuwa jaribio zima hutegemea utando ambao lazima uwe mwembamba mno na bado usipasuke.

Njia ya kutokea ilifunguliwa na fani nyingine kabisa, ile ya kuzalisha baridi. James Dewar, aliyebuni mjini London chombo chenye kuta mbili zilizotenganishwa kwa ombwe (chupa ya chai ya majumbani ni mjukuu wake), aliigeuza hidrojeni kuwa kimiminika mwaka 1898, katika jotoridi la kelvini 20 hivi. Kimiminika hicho kilikuja kuwa shabaha bora kwa miale yenye nishati kubwa sana, lakini kwa mwale wa nishati ndogo ni kizito kupita kiasi, tena huchemka kinapopigwa. Iliyofaa ni gesi iliyopoozwa bila kufikishwa kwenye umiminika, kwa sababu shinikizo likibaki lilelile, msongamano wa gesi huongezeka kadiri jotoridi linavyoshuka: kutoka kelvini 300 hadi 90 huongezeka zaidi ya mara tatu, ilhali dirisha halilemewi hata kidogo.

Wengine waliling'oa dirisha kabisa. Katika maabara ya Gran Sasso nchini Italia, chini ya mwamba wa takriban mita 1,400, kundi la LUNA liliiacha gesi ya heli-3 wazi mbele ya mwale, huku pampu zilizopangwa kwa mfuatano zikiifyonza, kuisafisha na kuirudisha.

Huko Wako, karibu na Tokyo, watafiti wa kituo cha CRIB walibaki na dirisha, wakaipooza hidrojeni kwa naitrojeni miminika hadi kelvini 90 hivi. Hapo kikazuka kikwazo kipya, kwani mwale wenye nguvu huipasha joto gesi iliyo kwenye njia yake na kuifanya hafifu palepale inapohitajiwa. Basi wakaifanya gesi izunguke bila kukoma, ili iliyopata joto iondoke na iliyo baridi ishike nafasi. Kwa shabaha hiyo, waliyoieleza mwaka 2008, mwale wa lithi-7 ulizalisha berili-7 kwa kasi ya chembe zipatazo milioni 200 kwa sekunde, mavuno makubwa kwa kiini ambacho nusu yake hutoweka katika siku 53 na ambacho wachunguzi wa neutrino za Jua wanakihitaji sana.