Ugonjwa Mwekundu wa Nguruwe: Kutoka Bollène hadi Protini ya Bakteria

Miongoni mwa maradhi ya mifugo yaliyowahangaisha wakulima wa Ulaya katika karne ya 19, ugonjwa mwekundu wa nguruwe uliogopwa kwa wepesi wake wa kuua, kwani mnyama aliyelala mzima aliweza kukutwa alfajiri amekufa, ngozi ikiwa na mabaka ambayo, kwa wale waliougua polepole, yalikuwa na umbo la pembe nne. Louis Thuillier, msaidizi kijana wa Louis Pasteur, alikitambua kijidudu chake Machi 1882, na Novemba mwaka huohuo wawili hao wakaenda Bollène, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, wakapokewa na daktari wa mifugo Achille Maucuer.

Majaribio yao yalionyesha jambo lisilotarajiwa: bakteria waliohamishwa kutoka njiwa hadi njiwa walizidi kuwa wakali kwa nguruwe, ilhali waliohamishwa kutoka sungura hadi sungura walizidi kuwaua sungura lakini wakawa hafifu kwa nguruwe, hata wakafaa kuwa chanjo. Thuillier hakuiona taarifa ya kazi hiyo ikitolewa Novemba 1883, kwa kuwa Septemba alikuwa amefariki kwa kipindupindu huko Alexandria, akiwa na umri wa miaka 27. Tena Wafaransa hao walikieleza kijidudu kuwa na umbo la tarakimu 8, na ni Mjerumani Friedrich Löffler aliyekieleza mwaka 1886 kuwa kijiti chembamba. Yaani chanjo ilitangulia sura sahihi ya kile ilichokikinga.

Hali hiyo ya kinga kutangulia maelezo iliendelea kwa takriban karne nzima. Élie Metchnikoff, mwasisi wa nadharia ya seli zinazomeza vijidudu, alimtumia bakteria huyohuyo katika utafiti wake, lakini ni kitu gani hasa juu ya bakteria ambacho seli hukitambua, hakuwa na zana za kukijua.

Jibu lilianza kupatikana katika miaka ya 1990, watafiti walipozichambua protini zilizo juu ya uso wa bakteria huyo, Erysipelothrix rhusiopathiae, hasa ile iitwayo SpaA, ambayo kingamwili, yaani protini za damu zinazomnasa adui, huishikilia ili seli zimmeze bakteria kwa urahisi. Katika miaka hiyohiyo viligunduliwa vipokezi vya Toll, milango ya utambuzi iliyo kwenye makrofaji, ambazo ndizo seli mezaji za Metchnikoff. Baadhi ya vipokezi hivyo hunasa protini za bakteria zilizofungamana na mafuta, kisha seli hutoa saitokini, kemikali za kuitana, zinazoleta joto, wekundu na uvimbe.

Uvimbe huo, ambao kwa kiasi chake ni ulinzi, ndio unaomdhuru mnyama unapozidi. Mabaka ya ngozi hutokana na mishipa midogo ya damu iliyovimba na kuziba, na nguruwe aliyepona homa huweza kubaki na viungo vilivyokakamaa, uvimbe ukiendelea ndani yake hata pale ambapo bakteria hai hawapatikani tena, ila mabaki yao. Ndiyo maana ugonjwa huu wa zizini ulitumiwa pia na watafiti wa baridi yabisi ya binadamu.