Sauti Njema Ndani ya Motokaa

Huenda, msomaji, ukadhani ya kuwa mwenye spika kubwa ndiye mwenye sauti njema. Historia yaonyesha vingine.

Katika mwaka wa 1925 wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya namna mpya: umeme hupita katika waya uliozungushwa penye sumaku, nao waya hutikisa karatasi iliyokunjwa mfano wa faneli. Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin, mjini Chicago, ilianza kuuza redio ya motokaa iliyoitwa Motorola. Adui mkubwa wakati huo alikuwa cheche za injini, zilizoingia redioni zikawa kelele. Ilibidi kwanza kelele hizo zidhibitiwe, ndipo wimbo usikike.

Mwaka 1931 Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya stereo, yaani sauti ya spika mbili. Ilipoingia motokaani ilileta shida mpya, kwa kuwa dereva huketi upande mmoja. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Spika iliyo mbali zaidi kwa mita moja huchelewa sekunde 0.003, na wimbo huvutwa upande wa spika ya karibu. Siku hizi mafundi huichelewesha kwa mitambo ile ya karibu, zote zifike pamoja.

Basi nawe ukifunga spika, fuata utaratibu huo: tuliza kelele, kaza bati la mlango lisitikisike, pima umbali, nguvu iwe ya mwisho. Sikio likishaharibiwa na makelele, hakuna fundi awezaye kulirudisha.