Msako wa Mtu wa Karatasi
SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Nairobi, Januari 1987. Mwanamume mwenye koti la kijivu ameingia katika duka dogo la vitabu, River Road. Hakutazama rafu. Ameuliza jambo moja tu: "Matigari mnamfahamu? Nataka kujua anakolala." Wanjiru, msichana wa kaunta, amefungua mdomo ajibu. Mzee, mwenye duka, amemkanyaga mguu.

SASA ENDELEA...

Mzee hakuuondoa mguu wake juu ya wangu.

"Matigari yupi, afande?"

"Nani kakwambia mimi ni afande?"

"Viatu vyako."

Mgeni aliinama akavitazama. Vyeusi, vimepigwa rangi mpaka kwenye visigino. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefumaniwa, kisha akatoa daftari mfukoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Pwani. Baadaye alituambia kwao ni Kwale.

"Mtu mzima," alisoma. "Ametoka msituni. Anazunguka vijiji vya Mkoa wa Kati akiwauliza watu ukweli uko wapi na haki iko wapi. Kila ninayemhoji ananiambia hajamwona, lakini anajua alichokisema." Akafunga daftari. "Mtu wa maswali kama hayo hatembei peke yake. Ana watu nyuma yake, na watu husoma. Ndiyo maana naanzia madukani."

Sasa nilielewa kwa nini nilikanyagwa.

Matigari alikuwa karibu na kiwiko chake cha kulia. Alikuwa pale kaunta, nakala 37, chini ya rundo la vitabu vya nyimbo za kanisani. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa Kikuyu, imetolewa na Heinemann ya hapa Nairobi Oktoba 1986. Tulikuwa tumepokea 40 na kuuza tatu. Mwandishi mwenyewe alikuwa London tangu 1982, hakuthubutu kurudi. Kitabu chake ndicho kilichorudi.

Ningemwambia askari kanzu huyu kwamba anayemtafuta ni mhusika wa hadithi, ningekuwa nimemkabidhi kitabu. Ningenyamaza, ningekuwa nimemficha mtuhumiwa. Na hayo hayakuwa mambo ya mzaha. Mwaka mzima wa 1986 watu walichukuliwa maofisini na vyuoni kwa jina la Mwakenya, kundi la siri la upinzani. Walipotezwa katika jengo la serikali la Nyayo House siku kadhaa, kisha wakatokea kortini jioni, mawakili wakiwa wameshakwenda nyumbani, wakakiri kwamba walikutwa na karatasi za uchochezi. Wengine kosa lao lilikuwa kusoma tu.

"Sisi huuza daftari na Biblia," alisema Mzee. "Huyo hajapita hapa."

Mgeni aliitikia kwa kichwa. Alipogeuka kutoka, koti lake lilikwaruza lile rundo. Vitabu vya nyimbo vikaporomoka sakafuni. Akainama kuviokota, kimoja kimoja, kwa adabu. Alipoinuka alikuwa na kimoja ambacho hakikuwa cha nyimbo, na midomo yake ilikuwa ikiyafuata maandishi ya jalada, silabi baada ya silabi.

"Ma-ti-ga-ri."

*

Nilingoja pingu. Badala yake nikaona uso wake ukichanua.

"Kumbe ameshaandikiwa kitabu! Mzee, wewe huuzi daftari peke yake. Maisha yake yote yamo humu?"

Mzee alimeza mate. "Yamo," alisema, na hakusema uongo.

"Lakini hii ni lugha yenu." Akanigeukia. "Binti, utanisomea. Jioni, duka likifungwa. Ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili." Akalipa noti ya shilingi mia. "Niandikie risiti. Nitadai ofisini."

Nikauliza niandike jina gani. Akalitaja lote, majina matatu, polepole ili nisikosee. Nikaandika, kaboni ikakaa sawasawa, nikamchania ya juu. Akaikunja, akaiweka mfukoni.

Alipotoka, Mzee alifunga mlango kwa komeo.

"Usianzie mwanzo," aliniambia. "Ukurasa wa kwanza uruke. Anzia pale mtu wetu anapotoka msituni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukurasa wa kwanza mwandishi anasema kila kitu ni cha kubuni. Huyu akijua anatafuta kitabu, kesho malori yatakuwa hapa. Akidhani anatafuta mtu, atazunguka vijijini mpaka achoke."

Mzee aliyajua malori. Alikuwa Limuru Machi 1982, polisi walipokuja Kamirithu kuubomoa ukumbi wa wazi ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao. Miaka mitano kabla ya hapo, 1977, wafanyakazi na wakulima walikuwa wameigiza humo tamthilia ya Ngũgĩ, *Ngaahika Ndeenda*, mpaka serikali ikaondoa kibali. Kabla mwaka haujaisha mwandishi alichukuliwa usiku nyumbani kwake, akawekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa. Alipotoka, Desemba 1978, alikuwa na riwaya nzima aliyoiandika kwenye karatasi za chooni.

"Walipomfunga, akaandika," Mzee alisema. "Walipobomoa ukumbi, watu walikuwa wameshazijua nyimbo. Kila mara wanachelewa. Sisi kazi yetu ni kuwachelewesha zaidi."

Lakini si kila mwenye duka alikuwa na moyo huo. Wiki hiyohiyo jirani yetu, aliyekuwa na nakala kumi, alizichoma kwenye jiko uani kwake. Hakuna aliyekuwa amemwamuru. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia, "Nimesikia wanauliza." Amri ilikuwa bado haijatoka, moshi ulikuwa umeshatoka.

Nilimdharau kwa siku mbili. Kisha nikaanza kusoma.

*

Tulikaa stoo nyuma ya duka, kati ya maboksi ya chaki, taa ya chemli juu ya debe. Askari alivua koti. Nilimsimulia jinsi Matigari alivyomshinda mlowezi Williams na mtumishi wake John Boy baada ya miaka mingi porini, akazika silaha zake chini ya mgumo, akajifunga mshipi wa amani, akaenda kuitafuta nyumba yake na watu wake. Nilimweleza kuhusu Muriuki, mtoto wa jalalani. Nilimweleza kuhusu Guthera, na Ngaruro wa Kiriro aliyeongoza mgomo kiwandani.

Askari aliandika kila jina. "Huyu Ngaruro, kiwanda gani?"

"Hakijatajwa."

"Tutakitafuta."

Jioni ya tatu tulifika kwenye mkutano wa Waziri wa Ukweli na Haki. Nilijua kinachofuata. Yumo profesa wa elimu ya ukasuku, yumo mhariri wa gazeti la kasuku, na redio inayojiita Sauti ya Ukweli inasoma maagizo ya mkuu wa nchi. Macho yangu yaliyaona maneno, ulimi ukakataa. Nikasema, "Hapa Waziri anahutubia, watu wanasikiliza." Nikafungua ukurasa. Nikasema, "Wanapiga makofi." Nikafungua mwingine.

Hakuna aliyeniamuru. Jirani alitumia jiko. Mimi nilitumia kinywa changu.

"Binti."

Nikanyamaza.

"Mimi Kikuyu sikijui, lakini hesabu najua. Umefungua kurasa nne, umesema maneno kumi." Akaweka penseli chini. "Umeruka nini?"

Kabla sijajibu, alipunguza sauti, kama mtu anayetaka kunipa moyo.

"Usiogope. Kazi yako inasaidia. Juzi tumemshika mmoja Limuru. Mzee, mrefu, koti refu la mvua. Alisimama stendi ya matatu akiuliza kwa sauti nani alichukua mashamba yaliyoahidiwa watu waliopigania uhuru. Anakataa kwamba ni Matigari, lakini vijana wetu wanaendelea naye. Huyu atasema tu."

"Ana kovu hapa?" Niligusa shavu la kushoto.

Askari alinitazama. "Umejuaje?"

Huyo alikuwa mjomba wangu.

*

Tulikuwa tumejiona wajanja, mimi na Mzee. Tuliwaacha wamtafute mtu ili wasikiguse kitabu, tukasahau kwamba vijijini kuna watu, wana makoti, na wao pia huuliza maswali.

Nikakirudisha kitabu mwanzo kabisa, kwenye ukurasa niliouruka jioni ya kwanza. Mikono ilinitetemeka. Nikamsomea, safari hii bila kupunguza neno: kwamba hadithi ni ya kubuni, na watu wake, na matendo yao, na nchi yenyewe haina jina.

Askari hakusogea. Chemli ilikuwa ikivuta utambi.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hakuna Ngaruro?"

"Hakuna, afande."

"Na Waziri?"

Nikarudi kwenye zile kurasa nne. Nikamsomea kasuku wote, mmoja baada ya mwingine, na redio, na makofi. Mahali fulani katikati, Mungu ni shahidi wangu, yule askari alicheka. Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha kicheko kikakatika, nikaona hofu, hofu ileile niliyoiona kwa jirani.

"Nimeandika ripoti tatu," alisema. "Nimewaambia wakubwa yuko Limuru. Nimeomba magari. Nitawaambiaje kwamba nimemsaka mtu wa karatasi?"

"Waambie ukweli. Mjomba wangu atatoka."

"Na kitabu kitaingia." Akavaa koti. "Wewe unadhani wakijua watacheka? Mtu wangeweza kumfunga. Hadithi wataifungia wapi?"

Alifika mlangoni, akageuka.

"Mwishoni inakuwaje? Anakufa au yu hai? Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza."

"Anaingia mtoni na Guthera, wanafukuzwa na askari na mbwa. Hakuna anayejua kama walikufa."

"Mwandishi mwenyewe hakusema?"

"Hakusema."

Alikitia kitabu ndani ya koti, akatoka. Siku ya pili hakuja. Wala ya tatu. Wala habari ya mjomba haikuja.

*

Walifika Februari, asubuhi, kabla wasomi wa kwanza hawajaja kununua daftari. Lori moja na Landrover mbili. Hawakuwa wamekuja kwetu peke yetu. Kuanzia Tom Mboya Street mpaka chini walikuwa wameingia kila duka la vitabu kwa wakati mmoja. Sasa walijua. Serikali nzima ilikuwa imeacha kumtafuta mtu, ikaja kukikamata kitabu.

Kiongozi wao alikuwa Inspekta mfupi, mpole wa sauti. Nyuma yake, kati ya wanaume sita, alisimama mtu wetu wa koti la kijivu. Hakunitazama.

"Hati ya mzigo," alisema Inspekta.

Mzee akaitoa. Nakala 40.

Wakahesabu zilizokuwapo. 36.

"Nne ziko wapi?"

"Ziliuzwa," alisema Mzee.

"Kwa nani?"

"Mteja akileta pesa, mimi simwulizi jina. Kama ni kosa, ni langu. Msichana huyu ameajiriwa tu."

"Tutafika kwako, mzee. Usiwe na haraka." Inspekta alivuta droo ya kaunta. Akaona penseli, vifutio, chenji. Halafu akaona kitabu cha risiti.

Nilimtazama yule askari wa Kwale. Midomo yake ilikuwa imekauka. Tulikumbuka kitu kimoja kwa wakati mmoja: noti ya shilingi mia, kaboni iliyokaa sawasawa, majina matatu yaliyotajwa polepole ili nisikosee.

Inspekta alilowesha kidole, akaanza kufunua. Daftari, kalamu, Biblia, rula. Kidole kikasimama.

"Watatu hawakutaka risiti," alisema taratibu. "Mmoja alitaka." Akaisogeza nakala dirishani, akakunja uso. Kaboni ilikuwa imefifia, na miwani hakuwa nayo. Akakizungusha kitabu juu ya kaunta mpaka kikanielekea mimi, akaweka kidole chini ya mstari.

Nyuma yake mkono wa askari wa Kwale uliingia polepole ndani ya koti, upande ule alikokiweka kitabu, au upande ule askari anakoweka bastola. Sikuweza kujua.

"Mwandiko ni wako, binti," alisema Inspekta. "Lisome hilo jina. Kwa sauti."

ITAENDELEA WIKI IJAYO