Maboksi 11,341 ya Detroit

Agosti 2009, mwanasheria wa ofisi ya mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Wayne, Marekani, aliingia katika ghala kuukuu la polisi wa Detroit. Rafu za chuma zilikuwa zimejaa maboksi madogo ya karatasi ngumu. Hesabu ilipokamilika yalikuwa 11,341, mengine ya tangu miaka ya 1980.

Boksi la namna hiyo lina vijiti vya pamba, bahasha, kitana na fomu. Kulijaza ni kazi ya saa kadhaa hospitalini: mtu aliyetoka kubakwa huvua nguo akiwa amesimama juu ya karatasi, ili hata uzi ukidondoka usipotee, kisha hupanguswa kwa pamba kila alipoguswa. Mwisho boksi hufungwa kwa lakiri, naye huambiwa asubiri.

Vifaa hivyo vilianza kutumika Chicago mwaka 1978 kwa jitihada za mwanamke aitwaye Marty Goddard. Vikapewa jina la sajenti wa maabara ya polisi, Louis Vitullo. La Goddard likasahaulika miaka mingi. Wakati huo vinasaba havikuwa vimeanza kumtambulisha mtu. Hilo lilikuja na ugunduzi wa Alec Jeffreys huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984.

Ukitajwa mrundikano wa vipimo, lawama huangukia maabara. Ni kweli maabara ya polisi wa Detroit ilikuwa imefungwa mwaka 2008, baada ya ukaguzi kufichua makosa katika uchunguzi wa silaha. Lakini maboksi haya hayakukwama kwenye foleni ya maabara, kwani hayakuwahi hata kupelekwa. Mtafiti Rebecca Campbell wa Chuo Kikuu cha Michigan State na wenzake walipopekua mafaili, walikuta uhaba wa askari na fedha, na pia maneno ya wapelelezi waliokuwa wamekwisha kuamua kwamba mlalamikaji ni mwongo. Hilo la pili halitibiwi kwa mashine mpya.

Mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Wayne, Kym Worthy, alianza kutafuta fedha. Kupima boksi moja kuligharimu kama dola 1,500. Majadiliano na maabara binafsi yakaishusha bei hadi 490. Maboksi yalipopimwa, sampuli zaidi ya 2,600 zilioana na vinasaba vilivyomo kwenye kanzidata ya taifa, na wakajitokeza washukiwa zaidi ya 800 wanaodhaniwa kubaka zaidi ya mara moja. Wengine waliendelea kubaka huku ushahidi dhidi yao ukiwa rafuni.

Mwaka 2014 jimbo la Michigan, ilipo Detroit, lilitunga sheria: polisi walichukue boksi hospitalini ndani ya siku 14, walifikishe maabara ndani ya siku nyingine 14, nayo maabara ilipime ndani ya siku 90. Hapo kwenye siku 90 wabunge waliongeza sharti dogo: iwapo wafanyakazi na fedha vitakuwepo.