Tarehe ya Msaji na Mafuta Yake

Merikebu Sultana ilipotia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, watu walimiminika gatini kumtazama Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Mchoraji Edward Mooney akamchora na kilemba chake, na picha hiyo ingalipo hata leo. Merikebu yenyewe ilikuwa imechakazwa na safari. Jeshi la wanamaji la Marekani likaichukua hadi karakana yake ya Brooklyn, likaitengeneza kwa gharama ya serikali, na mwezi Agosti ikang'oa nanga kurudi Unguja. Vitabu vingi huyapitia matengenezo hayo kwa mstari mmoja, kisha vikarudi kwenye zawadi na karamu. Kwangu mimi mstari ule ndio mzito. Historia ya vyombo vyetu imewataja waundaji na wenye vyombo, ikawaacha waliokwangua, waliokalafati na waliopaka mafuta, ilhali hao ndio waliovifanya viishi.

Sultana iliundwa Bombay mwaka 1833, katika mji uliojulikana kwa merikebu za msaji wa Malabar. Huko ndiko ukoo wa Wadia ulikokuwa umeshika kazi tangu 1736, pale Lovji Nusserwanji Wadia, fundi Mparsi wa Surat, alipohamia Bombay. Kizazi baada ya kizazi wakaunda vyombo vya Kampuni ya India ya Mashariki na vya wanamaji wa Uingereza. Mwaka 1826 wakashusha Liverpool, manowari ya mizinga 74 ya Seyyid Said, ambayo mwaka 1836 aliitoa zawadi kwa Mfalme William IV na Waingereza wakaiita Imaum. Trincomalee, waliyoishusha 1817, bado inaelea Hartlepool, Uingereza.

Msaji si mti wa asili wa pwani yetu. Mbao zake zina mafuta yake yenyewe, hivyo hazinywi maji ovyo, na mdudu wa baharini atobozaye vyombo hupata taabu kuziingia. Faida nyingine waliijua vizuri mafundi wa merikebu: msumari wa chuma ndani ya msaji hauliki upesi kama ulio ndani ya mwaloni wa Ulaya, kwa kuwa mwaloni una tindikali inayokula chuma. Lakini jua haliogopi mafuta ya mti. Ubao wa nje usioguswa huanza kwa kupauka, ukawa wa kijivu, kisha nyuzi laini hulika na zile ngumu zikabaki zimesimama kama matuta. Kijivu chenyewe si ugonjwa. Ugonjwa ni nyufa, na maji ya mvua yanayolala ndani yake.

Kwa hiyo kazi ilifuata misimu. Majahazi na mabumu ya Ghuba yalishuka na kaskazi, mengi yakiwa ya msaji wa Malabar, yakangoja kusi iyarudishe. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri 1938 na 1939 katika bumu la Kuwait la nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, aliiandika biashara hiyo ikiwa karibu na jioni yake. Miezi ya kungoja haikuwa ya kulala. Chombo kilingojewa bamvu, kikapandishwa mchangani maji yalipojaa, kikatiwa magadi. Maji yalipotoka watu waliingia chini yake wakakwangua makombe na mwani, wakawasha makuti na kuupitisha moto ubavuni kuua wadudu. Kisha ikaja deheni, yaani shahamu iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa, ikapakwa kwa mikono ingali vuguvugu, hadi pale maji yanapofika.

Mkalafati naye alikuwa na zamu yake. Alichovya pamba katika mafuta, akaisokota, akaipigilia katikati ya mbao kwa patasi butu. Sikio lake lilifanya kazi sawa na mkono: nyundo hutoa sauti ya uvungu pamba ikiwa bado haijajaa, na sauti hukaza pamba inapokaa. Akipiga kupita hapo, atazisukuma mbao ziachane.

Juu ya mstari wa maji ilikuwa zamu ya sifa, mafuta ya papa. Maini hukatwakatwa, yakatiwa katika chombo na kupikwa au kuachwa juani hadi mafuta yajitenge na kupanda juu. Harufu yake hukaa katika nguo na nywele, na aliyeipaka hujulikana kabla hajafika. Huanzwa ubao ukiwa mkavu kabisa. Kitambaa huchovywa, ubao husuguliwa, na ubao mkavu huyanywa mafuta papo hapo. Hupakwa tena, na tena, hadi ubao ukatae. Ukikataa, mafuta ya ziada hufutwa, kwani yakiachwa juu hunata na kushika vumbi. Rangi ya mbao hugeuka nyekundu ya kukoza, na maji yakirushwa juu yake hukimbia kwa matone.

Sitaha ya msaji haikutaka hayo. Ile ilitaka maji ya chumvi, asubuhi na jioni: chumvi huzuia ukungu, na unyevu huzifanya mbao zibaki zimevimba na kubana kalafati yake. Ukisugua, sugua kwa kukata nyuzi, usizifuate, maana brashi inayofuata nyuzi huchimba zile laini. Nimeona sitaha nzuri zilizoliwa zaidi na brashi ngumu na sabuni kali kuliko zilivyoliwa na jua, na huniuma kila nizionapo.

Baadaye injini na rangi za makopo zilichukua nafasi ya sifa katika bandari nyingi. Vanishi nayo ikaingia, hasa katika vyombo vya watalii, ikaleta shida yake: mafuta ya msaji huisukuma isishike. Mpakaji ajuaye hufuta kwanza ubao kwa kiyeyushi, akapaka mkono wa kwanza mwepesi kabla mafuta hayajapanda tena, kisha akaongeza mikono juu yake, akipiga msasa kati ya mkono na mkono. Asiyejua huiona ikibanduka.

Msaji wa misitu ya asili nao umeadimika. Myanmar ilipiga marufuku kuuza magogo nje tarehe 1 Aprili 2014. Wakati huohuo miti ambayo Wajerumani walianza kuileta Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19 imekuwa mashamba makubwa, Longuza huko Muheza na Mtibwa huko Morogoro, na magogo yake mengi husafirishwa hadi India. Mbao za mti mchanga wa shamba huwa na ubao mweupe mwingi wa nje, usio na mafuta ya kiini. Fundi anayezitumia chomboni huukata huo mweupe wote, na kilichobaki hukipaka mafuta mara nyingi zaidi kuliko babu yake alivyoupaka msaji wa Malabar.