Habari za Nyuso Mbili Zigusanapo

Mnamo mwaka 1699 Guillaume Amontons aliwasomea wanazuoni wa Akademia ya Sayansi mjini Paris kanuni mbili za msuguano, nao wakazipokea kwa shaka: ya kwanza, kwamba msuguano huzidi kwa kadiri ya mzigo, na ya pili, iliyowatatiza zaidi, kwamba upana wa nyuso zisuguanazo haubadili kitu, hata sanduku lilazwe kifudifudi au kwa ubavu, nguvu ya kuliburura ni ile ile. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi, alizipa nguvu kwa majaribio yaliyochapwa mwaka 1785, na mafundi wakazitumia pasi na kungoja sababu zake.

Ajabu ni kwamba elimu ilipozidi, fumbo nalo lilizidi. Katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1880, Heinrich Hertz, kijana wa miaka 23 aliyekuwa msaidizi wa mwanafizikia Helmholtz mjini Berlin, akitafakari habari za lenzi mbili zilizobanwa pamoja, alipiga hesabu ya mgusano wa miili ya mviringo yenye kunyumbuka, akaona kuwa mzigo ukizidi mara 8, eneo la mgusano huzidi mara 4 tu. Ikiwa msuguano wafuata eneo hilo, basi Amontons alikosea. Ilhali kila mkokota mzigo alimshuhudia kuwa mkweli.

Bowden na Tabor wa Cambridge walijibu kwamba nyuso hukutana kwenye vilele vichache tu, na vilele hivyo hupondeka kwa uzito bila kurudi umbo lake, hata eneo la mgusano likafuata mzigo. Jibu zuri, ila halielezi chuma kisuguacho mara milioni bila kuharibika. Mtafiti Archard, mwaka 1957, katika hesabu zake alitwika vilima vidogo juu ya vilima vikubwa, na hesabu ya Hertz ikaanza kumkaribia Amontons.

Jambo lililofungua njia, kwa maoni yangu, lilikuwa la unyenyekevu mno. Greenwood na Williamson, katika makala yao ya mwaka 1966, walitumia sindano iliyoburutwa juu ya chuma, na mchoro wake ukageuzwa tarakimu na kutiwa katika kompyuta. Vimo vya vilele vikadhihirika kuwa kama vimo vya watu sokoni: warefu sana wachache, wafupi sana wachache, na aghalabu ni wa kati. Mzigo ukiongezwa, vilele vipya huguswa, na vya zamani hutanuka, hata wastani wa eneo la kila mguso ukakaribia kubaki vile vile. Kwa hiyo jumla ya eneo hufuata mzigo. Hertz hakukosea, alihesabu kilele kimoja.

Walakini Greenwood na Williamson walidhani kila kilele hakimhisi jirani yake. Bo Persson, mwaka 2001, akishughulikia mpira wa magurudumu, aliiacha dhana hiyo. Hatimaye Martin Müser akabuni uso mmoja wa tarakimu, akawaalika mabingwa wa kila mbinu waukokotoe mgusano wake, na majibu yakachapishwa mwaka 2017. Wengi walileta kompyuta. Kundi moja la Florida liliuchapa uso ule kwa plastiki, umekuzwa mara 1,000, likaukandamiza na kuupima.